Una hepatitisi C: chupa ya kusafisha ini, viungo vya jikoni au vidonge vya hospitali?

Kabla ya kulinganisha chochote, tazama herufi kwenye karatasi yako ya maabara. Wengi hutoka hospitali wakiwa wameshika maneno mawili tu, "homa ya ini", wakaingia mtandaoni kutafuta dawa. Huko wanakutana na matangazo yasiyobagua: A, B, C, mafuta kwenye ini, ini lililochoshwa na pombe, vyote vinatibiwa kwa chupa ileile na bei ileile. Lakini B na C ni virusi tofauti kabisa. B ina chanjo, na kwa aliyeishi nayo muda mrefu zipo dawa za kuituliza, bado si za kuimaliza. C haina chanjo, ila inatibika ikaisha: vidonge vya kumeza, mara nyingi kwa wiki 12, huviondoa virusi mwilini kwa zaidi ya watu 95 katika kila 100 wanaotibiwa. Ulinganisho huu ni wa mwenye C. Mwenye B anaweza kufaidika na sehemu zinazohusu madhara kwenye ini, lakini hesabu yake ya mwisho ni nyingine.

Hoja yangu naiweka mapema, kwa ajili ya anayesoma akiwa kwenye daladala. Hakuna mmea uliothibitishwa kuondoa virusi vya C, iwe wa Kichina, wa Kihindi, wa Kisunna au wa porini kwetu. Kwa hiyo ukisimama mbele ya rafu ya mitishamba, swali la kujiuliza ni kipi kati ya hivi hakitakuumiza. Na jibu lake hutegemea zaidi umbo na dozi kuliko jina la mmea.

Halafu kuna jambo linaloeleza kwa nini chupa hizi zinauzika sana. Hepatitisi C ni ugonjwa wa kimya. Mtu anaweza kukaa nao miaka 20 akilalamikia uchovu tu, na katika kila watu 100 wenye maambukizi sugu, kati ya 15 na 30 hupata sirosisi, yaani ini kugeuka makovu, ndani ya muda huohuo. Katikati ya safari hiyo ndefu, kipimo cha ALT hupanda na kushuka chenyewe. ALT ni kimeng'enya kinachovuja kwenye damu pale seli za ini zinapoumia. Mwezi huu kinaweza kusoma juu, mwezi ujao kikashuka, na mtu hajameza chochote. Akiwa amemeza kitu, sifa zote zinakwenda kwa kitu hicho. Ndiyo maana ninaamini shuhuda nyingi za mtandaoni kwa maana moja: namba ilishuka kweli. Kipimo kinachotoa jibu la uhakika ni cha RNA, kinachohesabu virusi vyenyewe, na wauza chupa karibu hawakitaji kabisa.

Silimarini na vidonge

Chupa nyingi za "kusafisha ini", ukinunua Kariakoo, Nairobi au Dubai, zina kiambata kikuu kilekile: silimarini. Hutolewa kwenye mbegu za Silybum marianum, kwa Kiingereza milk thistle, mmea wa miiba wenye ua la zambarau wenye asili ya nchi za Mediterania. Mara nyingi ua hilo ndilo limechorwa kwenye lebo. Wazungu wameutumia kwa ajili ya ini kwa karne nyingi, na umechunguzwa kuliko mmea mwingine wowote wa kundi hili.

Marekani, utafiti mkubwa wa wagonjwa wa hepatitisi C uitwao HALT-C uliwauliza watu 1,145 wanatumia nini. Karibu robo yao walikuwa wakitumia mitishamba wakati ule, na silimarini iliongoza kwa mbali. Watumiaji walisema dalili zao ni chache kidogo, lakini ALT yao na wingi wa virusi havikutofautiana na vya wasiotumia.

Kisha likafanyika jaribio lenyewe, matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Wagonjwa 154 walioshindikana kwa tiba ya zamani ya interferoni waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilipewa miligramu 420 za silimarini mara tatu kwa siku, la pili miligramu 700 mara tatu, la tatu kidonge kisicho na dawa ndani. Dozi hizo ni kubwa kuliko zile watu wanazotumia kwa kawaida. Baada ya wiki 24 wakahesabu waliofikia lengo la kushusha ALT. Kundi la kwanza, wawili. La pili, wawili. La kidonge kitupu, wawili. Virusi navyo havikupungua.

Kwa upande wa usalama silimarini ina rekodi safi. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zina hazina ya taarifa iitwayo LiverTox, inayopanga dawa na mitishamba kuanzia A, vile vinavyojulikana fika kudhuru ini, hadi E, vile visivyoelekea kudhuru. Silimarini imewekwa E. Basi hukumu yangu ni kwamba haitakuponya, huenda isikudhuru, na itakula hela yako kila mwezi.

Hela ndiyo inatuleta kwenye vidonge. Sofosbuviri, mojawapo ya dawa za vidonge hivyo vya C, ilipoingia soko la Marekani Desemba 2013, kidonge kimoja kiliuzwa dola 1,000. Wiki 12 zilikuwa dola 84,000. Kwa bei hiyo, mtu wa Tabora kukimbilia majani ilieleweka. Tangu hapo viwanda vya India vikaruhusiwa kutengeneza dawa hiyohiyo kwa ajili ya nchi zetu, na leo Shirika la Afya Duniani linasema sofosbuviri pamoja na daklatasviri kwa wiki 12 hununuliwa kwa bei inayoshuka hadi dola 60. Hiyo ni bei ya manunuzi ya jumla ya serikali na mashirika, na dirishani unaweza kutajiwa zaidi. Hata hivyo piga hesabu ya chupa moja ya kusafisha ini kila mwezi kwa mwaka mmoja, kisha uweke namba mbili hizo pamoja.

Rwanda ilizindua mpango wa kuitokomeza C Desemba 2018, ikapima watu kwa mamilioni na kuwatibu waliokutwa nayo. Misri ndiyo habari kubwa zaidi. Ilikuwa miongoni mwa nchi zenye C nyingi kuliko zote duniani, kwa sababu ya sindano zilizotumika kwa mtu baada ya mtu katika kampeni za kichocho kuanzia miaka ya 1950. Mwaka 2018 na 2019 ikapima watu wazima karibu milioni 50, na Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua kuwa nchi ya kwanza kufikia daraja la dhahabu kuelekea kuutokomeza ugonjwa huo. Haikufika hapo kwa habasoda, ingawa habasoda imejaa kila soko la Kairo.

Manjano ya mchuzi na manjano ya kapsuli

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu mmea ni ule ule.

Manjano ya unga unayotia kwenye mchuzi wa samaki yana kurkumini kidogo, asilimia chache tu ya uzito wake, na utumbo huifyonza kwa shida. Sehemu kubwa hupita na kutoka. Kwa kiasi cha jikoni, mwenye hepatitisi C hana sababu ya kuyaogopa. Watengenezaji wa kapsuli ndio walioamua kwamba kufyonzwa kidogo ni kasoro. Wakakamua kurkumini mpaka karibu ibaki peke yake, wakaongeza piperini, ile inayoleta ukali wa pilipili manga, ili damu ipokee nyingi zaidi. Walifanikiwa, na ini likaanza kupokea kitu ambacho halikuwahi kukipokea kutoka kwenye sufuria.

Mwaka 2022 mtandao wa hospitali za Marekani unaofuatilia maini yaliyoumizwa na dawa uliripoti watu 10 walioumia kwa vidonge vya manjano. Watano walilazwa, na mmoja alifariki baada ya ini kushindwa kazi. Saba kati ya hao 10 walikuwa na alama moja ya kurithi iitwayo HLA-B*35:01. Ukinunua kapsuli, hakuna anayekupima alama hiyo kwanza.

Chai ya kijani inafuata njia ileile. Mnywaji wa kawaida wa chai hiyo hupata kati ya miligramu 90 na 300 za kiambata chake kikuu, EGCG, kwa siku, na kikombe chake hakina tatizo. Kapsuli za kupunguza uzito zenye majani yaliyokolezwa zinaweza kukupa mara kadhaa ya hapo kwa mkupuo, tena tumbo likiwa tupu. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipitia ushahidi mwaka 2018 na kusema kuwa kuanzia miligramu 800 kwa siku vimeng'enya vya ini huanza kupanda kwa baadhi ya watu. Kwenye LiverTox majani hayo yaliyokolezwa yamewekwa A. Yaani silimarini na kapsuli ya chai ya kijani, zinazokaa rafu moja na mara nyingine chupa moja, ziko kwenye ncha mbili za kipimo hicho.

Kwa hiyo mbele ya kaunta natumia kigezo hiki. Unachokipika au kukitia kwenye kikombe kwa kiasi cha kawaida, sina ugomvi nacho. Kikishakamuliwa, kikakolezwa na kuwekwa kwenye kapsuli, kihesabu ni dawa, na dawa hailiwi kwa sababu jirani alikula ikamfaa. Muuzaji akikuambia, "Dada, hii ni asili tupu, haina kemikali," mwulize kapsuli moja ina miligramu ngapi za nini. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Habasoda

Hapa naenda taratibu. Kwa wengi wetu wa pwani habasoda ina hadithi ya Mtume nyuma yake, na mtu hawezi kuizungumzia kama anavyozungumzia kapsuli ya kupunguza tumbo.

Upo utafiti wa Misri wa mwaka 2013. Wagonjwa 30 wa hepatitisi C wasioweza kutumia interferoni walipewa mafuta ya habasoda kwenye kapsuli, miligramu 450 mara tatu kwa siku kwa miezi mitatu. Wingi wa virusi ulishuka kwa baadhi yao. Wauzaji huishia hapo wanaposimulia. Kinachobaki ni kwamba watu 30 ni wachache, wote walipewa habasoda na hapakuwa na kundi la kuwalinganisha nalo, na idadi kubwa walimaliza miezi mitatu bado wana virusi. Kwa kipindi hichohicho cha miezi mitatu, vidonge vinaondoa virusi kwa zaidi ya 95 katika kila 100.

Mbegu chache kwenye mkate au asali si tatizo kwa ini. Mafuta kwa vijiko, kila siku, kwa miezi, ni jambo jingine, hasa kwa anayetumia dawa za kisukari au presha, kwa sababu habasoda nayo inaweza kushusha sukari na presha. Anayeitumia kwa imani simwambii aiache maisha. Ninachomwomba ni kwamba zile wiki 12 za vidonge abaki na mbegu za kwenye chakula, chupa ya mafuta ikae kabatini. Aliyeweka shifaa kwenye mbegu hakushindwa kuiweka kwenye kidonge.

Chai za ditoksi na sanamaki

Ukisoma nyuma ya pakiti nyingi za chai ya "kutoa sumu", utakuta senna, ambayo ni sanamaki ileile ya wauza dawa za asili. Kazi yake ni kuendesha tumbo. Mtu anakwenda chooni mara nne, anajisikia mwepesi, mizani inasoma pungufu ya kilo moja ya maji, na anaamini ini limesafishwa. Kuharisha hakusafishi ini. Ini ndilo linalosafisha, na virusi vya C vinakaa ndani ya seli zake, mahali ambapo tumbo la kuendesha halifiki.

Sanamaki ya siku mbili tatu kwa aliyefunga choo ni dawa halali, inauzwa hata famasi. Ya miezi, kwa dozi kubwa, imewahi kuripotiwa kuumiza ini. Na kwa mwenye sirosisi, kupoteza maji na chumvi za mwili ghafla kunaweza kumfikisha kwenye kuchanganyikiwa akili, dalili kwamba ini limezidiwa.

Mengine, kwa kifupi

| Kitu | Kinachojulikana kuhusu ini | Ningechagua nini |
|---|---|---|
| Majani ya mlonge | Ni mboga. Hakuna ushahidi kwamba yanaondoa virusi vya C | Kula kama mboga. Kapsuli na unga wa vijiko subiri umalize vidonge |
| Alovera ya kunywa | Ini kuvimba kumeripotiwa, mara nyingi hupoa mtu akiacha | Paka ngozini, usinywe |
| Mwarobaini | Mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwapa watoto sumu kali, pamoja na kuumia ini | Usinywe. Mtoto asipewe kabisa |
| Komfrei (mabaki, kwa baadhi ya wakulima wa Kenya) | Ina sumu zinazoziba mishipa midogo ya ini. Mwaka 2001 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji waiondoe sokoni | Acha. Waachie wakulima kwa mbolea |
| Kava (mizizi ya visiwa vya Pasifiki) | Ini kushindwa kazi. Ujerumani iliiondoa sokoni 2002. LiverTox imeiweka A | Acha |
| Ashwagandha (mmea wa tiba ya Kihindi) | Macho ya njano na ini kuumia. Denmark iliipiga marufuku 2023 | Acha |
| Miraa, mirungi | Utafiti wa hospitali mashariki mwa Ethiopia, 2018, uliihusisha na ugonjwa sugu wa ini | Acha |
| Vidonge vya kuongeza damu (madini ya chuma) | Chuma hujikusanya kwenye ini lenye C | Kwa kipimo cha damu na maelekezo tu |
| Vitamini A ya dozi kubwa | Sumu kwa ini ikitumika muda mrefu | Karoti na mchicha vinatosha |

Jedwali halina nafasi ya kitu ambacho hakiandikwi kwenye lebo. Mamlaka za dawa za nchi nyingi zimewahi kukamata chupa za "asili" zilizochanganywa dawa za hospitali kwa siri: diklofenaki au deksamethasoni kwenye dawa za viungo, sildenafili kwenye dawa za nguvu za kiume. Dawa ya majani inayoondoa maumivu ya goti ndani ya nusu saa inapaswa kukutia shaka kabla ya kukufurahisha. Kwa mwenye sirosisi diklofenaki ni hatari, kwa sababu inaweza kuleta kutokwa damu tumboni na kuangusha figo. Nazo dawa za chupa za "bitters" zina kilevi ndani, na kwa ini lenye C pombe ni pombe hata kama imechovywa mizizi.

Usajili husaidia kiasi. Tanzania kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na dawa za hospitali zipo chini ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Namba ya usajili ni nafuu kuliko chupa isiyo na jina la mtengenezaji. Lakini bidhaa iliyosajiliwa haijathibitishwa kwa hilo tu kuwa inatibu C, na anayekuonyesha namba hiyo kama cheti cha uponyaji anakuchezea.

Kinachoshinda mitishamba yote hii

Kahawa. Si utani. Katika utafiti uleule wa HALT-C, watu 766 waliulizwa wanakunywa kahawa kiasi gani, kisha wakafuatiliwa kwa miaka. Waliokunywa vikombe vitatu au zaidi kwa siku, ugonjwa wao wa ini uliendelea kwa kasi ndogo, takriban nusu ya wasiokunywa. Chai haikuonyesha tofauti yoyote. Ni utafiti wa kuangalia tu, hauthibitishi kwamba kahawa ndiyo iliyozuia, na haiondoi virusi. Ila ukinilazimisha nichague kitu kimoja cha asili cha kumpa mwenye C anayesubiri tiba, ningempa kahawa chungu ya Kilimanjaro, Bukoba au Nyeri, isiyorundikwa sukari, kabla sijamfikiria mwenye chupa. Mwenye moyo unaokwenda mbio au asiyepata usingizi aipunguze.

Sasa tazama uko hatua gani

*Unasubiri dawa.* Hapa ndipo watu hununua zaidi, maana kukaa bila kumeza kitu kunaumiza roho. Kitu chenye faida kwa wakati huu ni kupimwa: RNA kuhakikisha virusi vipo bado (wapo watu ambao mwili huviondoa wenyewe ndani ya miezi sita ya mwanzo), ALT ya kuanzia, hali ya makovu, na hepatitisi B. Ya B usiiruke. Vidonge vya C vinaweza kuiamsha B iliyolala, na tangu 2016 Marekani imelazimisha onyo hilo liandikwe kwenye dawa hizi. Ukikutwa huna B wala kinga yake, chanja. Hatari kubwa ya hatua hii ni kuahirisha. Wanaokumbuka Loliondo mwaka 2011, foleni za magari hadi Samunge kwa kikombe cha dawa ya Babu cha shilingi 500, wanakumbuka pia waliorudi wakaacha ARV zao. Kilichowagharimu zaidi ni dawa waliyoiacha nyumbani.

*Umeanza vidonge.* Wiki 12, acha kapsuli zote, chai zote za dawa, mafuta yote. Hata silimarini. Mmea wa kuogopwa kuliko yote hapa ni Hypericum perforatum, kwa Kiingereza St John's wort, unaouzwa Ulaya na Marekani kama dawa ya asili ya huzuni, na ndugu zetu walioko huko huutuma nyumbani kwa nia njema. Unalisukuma ini na utumbo kuiondoa dawa haraka, kiwango cha sofosbuviri, daklatasviri au velpatasviri kinashuka, na virusi vinapata nafasi ya kusalia. Rifampisini ya kifua kikuu na karbamazepini ya kifafa hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo anayezitumia aseme mapema, asiziache kimyakimya. Amiodaroni ya moyo pamoja na sofosbuviri inaweza kupunguza mapigo ya moyo kwa hatari. Kama kidonge chako kina velpatasviri, dawa za kiungulia kama omeprazoli huizuia kufyonzwa, kwa hiyo uliza kwanza. Anayetumia pia dolutegraviri kwa ajili ya VVU akumbuke kuwa vidonge vya chuma na kalsiamu huipunguza nguvu vikimezwa pamoja nayo bila chakula. Chuo Kikuu cha Liverpool kina tovuti ya bure inayoonyesha dawa gani inagongana na ipi ya hepatitisi, pamoja na baadhi ya mitishamba, na mfamasia mwenye simu anaweza kuifungua mbele yako.

Mpelekee chupa zenyewe. Kumwambia "natumia majani fulani ya kahawia" hakumsaidii. Weka kila kitu kwenye mfuko wa rambo, pamoja na vile ulivyoficha kwa aibu.

*Ini limeshakuwa na makovu.* Hapa simpi mtu uhuru wa kujaribu. Kinachovumiliwa na ini zima kinaweza kuliangusha ini lililobaki robo. Kapsuli za kitunguu saumu na tangawizi, ambazo kwa wengine ni kawaida, zinaweza kuongeza kutokwa damu. Kwenye chakula endelea navyo. Kwa maumivu, Panadol ni salama kuliko diklofenaki, na ukomo ni gramu mbili kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500, isipokuwa daktari aseme vingine. Macho kuwa njano, mkojo wa rangi ya kokakola, tumbo kujaa maji, kutapika damu, au mtu kuanza kusema yasiyoeleweka: hospitali siku hiyohiyo, na chupa aliyokuwa akinywa iende naye.

*Umemaliza wiki 12.* Subiri wiki nyingine 12, kisha pima RNA. Isipoonekana, umepona. Mwenye sirosisi ataendelea na altrasaundi kila baada ya miezi sita, kwa sababu hatari ya saratani ya ini hupungua lakini haifiki sifuri. Na kuna mtego wa mwisho. Kile kipimo cha haraka cha tone la damu hutafuta kingamwili, na kingamwili za C hubaki mwilini miaka mingi, pengine maisha yote, hata virusi vikiisha. Ukipimwa nacho kwenye maonyesho ya afya au kwa muuza virutubisho mwenye meza na koti jeupe, kitasoma chanya, na utaambiwa hospitali wamekudanganya, tuanze upya na chupa tatu. Tunza karatasi yako ya RNA. Anayetaka kukupima tena, aipime RNA. Ikirudi chanya ni maambukizi mapya, kwa kuwa kupona C hakukukingi na nyingine, na dawa yake ni vidonge vilevile.